Nondo yupi wa mialoni umfuatilie mwaka mzima? Wanne walinganishwa

Mtu anayetaka kumjua nondo mmoja vizuri, tangu yai hadi yai, kwa kawaida huanza kwa kutazama picha na kumchagua anayependeza kuliko wenzake. Nadhani huko ni kuanzia mwishoni. Nondo mwenye mabawa ni kipande kifupi mno cha maisha yake, wiki moja au mbili, mara chache zaidi ya hapo. Miezi yote iliyobaki huishi akiwa yai, kiwavi au pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo), mahali ambapo hutamwona usipojua pa kutafuta. Kwa hiyo ukitaka kuchagua, uliza kwanza: anajificha wapi kwa muda mrefu zaidi, na je, mimi nitaweza kufika hapo?

Nimechukua nondo wanne wadogo wa misitu ya mialoni ya Ulaya. Wote wanaweza kukutwa kwenye mwaloni mmoja, lakini maisha yao yanatofautiana kiasi kwamba kumfuatilia mmoja hakukuandai kumfuatilia mwingine.

Wa kwanza ni Operophtera brumata, nitakayemwita nondo wa baridi. Dume ana mabawa ya kahawia iliyofifia, milimita 22 hadi 28 yakitandazwa. Jike hawezi kuruka kabisa. Ana vijibawa vifupi visivyo na kazi, tumbo nene na miguu mirefu, na asiyemjua humpita akidhani ni buibui. Wa pili ni Tortrix viridana, mkunja-majani, mwenye mabawa ya mbele ya kijani kitupu na ya nyuma ya kijivu, milimita 18 hadi 24. Wa tatu ni Adela reaumurella, nondo wa papasi ndefu, yaani vile vinyuzi viwili vya kichwani anavyohisia. Mabawa yake yana mng'ao wa shaba na kijani, milimita 14 hadi 18, na papasi za dume zinazidi mara mbili ya urefu wa bawa lake. Wa nne ni mdogo kuliko wote: Ectoedemia subbimaculella, mchimba-jani, mweusi mwenye mabaka meupe, milimita 5 au 6 tu kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya jingine.

Watatu wa mwanzo walipewa majina na Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, mwaka 1758, na jina la wa tatu linamkumbuka Réaumur, Mfaransa aliyetumia miaka mingi kuandika habari za wadudu. Nawataja kwa majina ya kisayansi kwa sababu ndiyo utakayoyahitaji ukienda kutafuta picha na ramani zao.

Kila mmoja na mahali pake

Mwaloni ukiutazama kwa mbali ni mti mmoja. Kwa wadudu hawa ni nchi kadhaa zilizopandana: udongo, majani makavu yaliyolala juu yake, shina lenye nyufa, vitawi, matumba, na jani lenyewe, lenye nje na ndani.

Mkunja-majani ni wa juu. Jike hutaga Juni au Julai kwenye vitawi, mara nyingi mayai mawili mawili, na kuyafunika kwa magamba ya mwili wake na vumbi hadi yafanane na gome. Yanakaa hapo mpaka Aprili ya mwaka unaofuata. Hiyo ni karibu miezi tisa ya maisha yake akiwa kitu kidogo kuliko punje ya mchanga, mita nyingi juu ya kichwa chako.

Nondo wa papasi ndefu ni wa chini. Kiwavi wake hula majani yaliyokufa sakafuni mwa msitu, akiwa ndani ya kifuko alichojitengenezea kwa vipande vya majani hayo hayo, anachokibeba popote aendapo. Humo hupitisha baridi, na humo humo hugeuka pupa. Majani mabichi ya mti hayamhusu. Anaishi kwa kile ambacho mti umekwisha kukitupa.

Mchimba-jani huanza ndani ya jani, akila nyama iliyo kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha hushuka nalo jani linapoanguka. Majira ya baridi humkuta katika kifuko cha hariri kati ya udongo na majani makavu.

Nondo wa baridi hupita kote. Pupa udongoni, jike akipanda shina kwa miguu, mayai kwenye nyufa za gome na kuvumwani karibu na vitawi, kiwavi ndani ya tumba na kisha majanini, halafu kurudi udongoni kwa uzi wa hariri. Ni yeye peke yake kati ya wanne ambaye mwaka wake unakuonyesha mti wote kutoka mzizi hadi kilele. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nimpe nafasi ya kwanza, ingawa kwa uzuri wa umbo ndiye wa mwisho.

Nondo wa baridi: kazi nyingi, malipo makubwa

Mwaka wake uanze kuuhesabu mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati wadudu karibu wote wamenyamaza. Pupa waliokaa sentimita chache chini ya ardhi tangu Juni hupasuka. Majike hutoka jioni na kuanza kupanda shina. Madume huruka chini chini kati ya miti, hata usiku ambao joto limekaribia sifuri, wakiwatafuta. Hawali, si dume si jike. Nguvu zote walizonazo zilikusanywa na kiwavi mwezi Mei. Usiku usio na upepo mkali, usio na barafu, chukua tochi uangalie mashina kuanzia kimo cha goti hadi juu kidogo ya kichwa chako. Ukiona dume ametulia kwenye gome na mabawa yake yamepandana, sogea karibu: mara nyingi jike yuko chini yake na wanajamiiana.

Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 200 hivi, pengine zaidi. Yakiwa mapya ni ya kijani hafifu, kisha hugeuka ya machungwa, na siku chache kabla ya kuanguliwa huwa meusi yenye ubuluu. Mabadiliko hayo ya rangi ni zawadi kwa mfuatiliaji. Ukiwa umepata kundi la mayai kwenye ufa wa gome unaofikika, unaweza kujua kiwavi anakaribia bila kubahatisha.

Hapo Aprili ndipo maisha yake yanapokuwa ya hatari. Kiwavi anayeanguliwa lazima akute tumba la mwaloni limeanza kufunguka. Akitoka mapema na tumba bado limefumbwa, ana siku chache tu kabla ya kufa njaa. Akichelewa, jani limekwisha kukomaa. Mwaka 1970 Paul Feeny alichapisha kazi yake juu ya viwavi hawa katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, Uingereza, akionyesha kwamba kadiri wiki zinavyopita jani la mwaloni huongezeka ugumu na tanini (kemikali chungu za mmea), hivyo kumlisha kiwavi vibaya zaidi. Kwa hiyo kiwavi ana dirisha jembamba, na dirisha hilo halifunguki siku moja kwa miti yote. Mialoni miwili iliyosimama pamoja inaweza kupishana zaidi ya wiki moja, na ule unaotangulia hutangulia kila mwaka. Viwavi walioshindwa huteremsha uzi na kuachia upepo uwabebe hadi mti mwingine. Wengi hawafiki popote.

Msitu huo wa Wytham una historia ndefu na nondo huyu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, George Varley na George Gradwell walihesabu kizazi baada ya kizazi chini ya mialoni mitano. Waliweka mitego shinani kuwahesabu majike wanaopanda, na trei chini ya matawi kuwahesabu viwavi wanaoshuka. Waligundua kwamba idadi hupanda na kushuka kati ya mwaka na mwaka hasa kwa sababu ya hasara inayotokea kati ya majike kupanda na viwavi kuanza kula, yaani katika wiki hizo za kukutana au kukosana na matumba. Kinachozuia idadi isizidi kiasi ni mende wa ardhini na wanyama wadogo wanaokula pupa udongoni. Njia yao ni rahisi kiasi kwamba mtu mmoja mwenye mti mmoja anaweza kuiiga kwa kipimo kidogo, na sijui mdudu mwingine wa msituni ambaye kazi ya wataalamu na kazi ya mtu wa kawaida zinakaribiana hivi.

Halafu kuna ndege. Katika msitu huo huo David Lack alianza mwaka 1947 kufuatilia viota vya Parus major, ndege mdogo mwenye kifua cha njano, na ufuatiliaji huo unaendelea hadi leo. Ndege hao hulisha makinda yao viwavi wa nondo wa baridi kwa wingi, kwa hiyo makinda yanapaswa kuanguliwa wakati viwavi wamenenepa. Mti, kiwavi na kinda ni saa tatu zinazotakiwa kwenda pamoja. Watafiti wa Uholanzi, Marcel Visser akiwa miongoni mwao, walionyesha mwaka 2001 kwamba joto la majira ya machipuko lilipoongezeka, mayai ya nondo yalitangulia mno matumba. Mwaka 2013 kundi lao lilieleza kwamba nondo wenyewe walikuwa wamebadilika kwa njia ya urithi, wakirudi kuanguliwa karibu zaidi na wakati wa matumba. Ukiandika tarehe zako chini ya mti mmoja, unagusa jambo hilo hilo kwa mkono wako.

Kasoro zake? Zipo mbili. Ya kwanza ni kwamba lazima utoke usiku wa Novemba na Desemba. Ya pili ni wanaofanana naye. Operophtera fagata ni ndugu yake wa karibu: dume mkubwa kidogo na mweupe zaidi, jike mwenye vijibawa virefu zaidi. Erannis defoliaria pia hupanda mashina majira hayo, lakini jike wake hana bawa hata la dalili, na mwili wake una madoa meusi juu ya rangi ya njano au nyeupe, kwa hiyo huyo hatakusumbua. Viwavi wa brumata ni wa kijani wenye mstari mweusi mgongoni na mistari myeupe ubavuni, na hutembea kwa kujikunja upinde.

Mkunja-majani: matokeo ya haraka

Ikiwa huna subira ya mwaka, huyu ndiye wako. Mwezi Mei angalia majani ya mwaloni yaliyojikunja kama bomba na kufungwa kwa nyuzi. Fungua moja polepole. Kiwavi wa kijani chenye ukijivu na vidoadoa vyeusi atarudi nyuma kwa kasi na kujiangusha, akining'inia kwa uzi wake. Tabia hiyo inatosha kukuambia uko kwenye kundi la wakunja-majani, ingawa si kila mmoja ni viridana. Uhakika utaupata nondo wa kijani atakapotoka.

Na hutamsubiri sana. Chukua mabomba machache pamoja na vitawi vyake, viweke ndani ya maji kwenye chombo chenye kitambaa cha neti, na katika wiki mbili au tatu baada ya kiwavi kugeuka pupa utakuwa na nondo. Huyu pia huja kwenye taa usiku wa Juni na Julai, jambo linalomfanya awe mwepesi kuonekana kuliko wenzake wote.

Lakini kama lengo ni kuufuatilia mzunguko wote, ananishinda. Hatua yake ndefu kuliko zote, yai, iko mahali usipofika bila ngazi, na hata ukifika hutaliona kwa jinsi lilivyofunikwa. Unachokiona ni miezi miwili na nusu ya pilikapilika, kisha kimya. Na wingi wake hubadilika vibaya sana: kuna miaka ambayo mialoni huvuliwa majani yote mwezi Juni, na kinyesi cha viwavi husikika kikidondoka, na kuna miaka ya kutafuta bomba moja kwa saa nzima. Mwaka wa wingi una jambo lake la kujifunza, kwani mwaloni ulioliwa hutoa majani mapya ya pili katikati ya kiangazi na kuendelea kuishi. Mtu asiyejua hudhani mti umekufa.

Nondo wa papasi ndefu: mtazame, usimfuatilie

Siku ya jua mwishoni mwa Aprili au Mei, madume hukusanyika kwenye ncha za matawi na kucheza hewani, wakipanda na kushuka wima, papasi zao zikionekana kama nywele za mwanga. Huruka mchana, kwa hiyo huhitaji taa wala mtego. Kwa mtu ambaye hajawahi kumpenda nondo, hakuna utangulizi bora kuliko huu, na ningempeleka kuona kabla ya wengine wote.

Baada ya hapo mambo huwa magumu. Jike si rahisi kumfuata anakotaga. Kiwavi aliye ndani ya kifuko cha majani makavu, katikati ya majani makavu, hatofautiki nayo hadi kifuko kitembee. Utachekecha ndoo kwa ndoo ya takataka za msituni, na utakachopata huenda kikawa cha spishi nyingine ya jamii yake. Simpendekezi kwa anayeanza. Hata aliyezoea humfuata kwa kupenda tu, akijua mwaka unaweza kupita bila kukamilisha mzunguko.

Mchimba-jani: mdogo kuliko wote, rahisi kuliko wote

Hili huwashangaza watu. Nondo mwenye upana wa milimita sita, ambaye karibu hakuna amwonaye akiruka, ndiye mwepesi kumpata akiwa kiwavi. Sababu ni kwamba huandika mahali alipo. Oktoba na Novemba, mialoni inapopukutika, okota majani ya njano na kahawia yaliyo ardhini uyaangalie kwenye pembe kati ya mshipa mkuu na mshipa wa pembeni. Ukiona kiraka cha kijani kibichi katika jani ambalo kwingine kote limekwisha kufa, kiinue kwenye mwanga. Ndani yake utaona chumba, na kiwavi akiwa bado anakula.

Kile kiraka ni kisiwa. Mti unapoliacha jani, hulinyonya kwanza virutubisho vyake na kuviweka akiba. Sehemu aliyopo kiwavi hukataa kunyonywa. Kinachofanya hivyo kimechunguzwa kwa karibu zaidi kwa mchimbaji mwingine, Phyllonorycter blancardella wa mitufaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba bakteria wa jenasi Wolbachia wanaoishi mwilini mwake wanahusika: viwavi walipopewa dawa ya kuua bakteria, visiwa vya kijani havikutokea tena. Kiwavi mdogo hivyo, pamoja na wageni wake wasioonekana, anaushikilia uhai wa kipande cha jani baada ya mti wenyewe kuliacha. Kwangu hili ni moja ya mambo makubwa yanayotendeka msituni, na linatendeka chini ya viatu vya watu.

Kumtambua subbimaculella kuna alama moja nzuri. Geuza jani: upande wa chini wa chumba chake una mpasuko ambao kinyesi hutokea. Ndugu yake Ectoedemia heringi, anayechimba pembe zile zile, hana mpasuko huo. Kwa lenzi ya mkono utauona bila shida.

Kumlea ni kazi ya dakika chache ikifuatiwa na subira ndefu. Weka majani yenye visiwa kwenye chombo chenye udongo wenye unyevu kidogo na tabaka la majani makavu, ukifunike kwa kitambaa chepesi, ukiweke nje kivulini. Kiwavi atatoka ndani ya jani mwenyewe, atashuka na kufuma kifuko. Usikiingize chombo ndani ya nyumba yenye joto. Baridi ya miezi hiyo ni sehemu ya maisha yake, na bila hiyo hatoki vizuri. Nondo huonekana kati ya Mei na Julai. Hapo angalia chombo kila siku, kwa sababu kitu cha ukubwa huo hutoka, hukimbia huku na huko juu ya kitambaa, na ukizembea hutamwona tena.

Upungufu wake ni kwamba mzunguko una pengo. Kuanzia nondo anapotoka hadi kiwavi anapoonekana jani likiwa linageuka rangi, kiangazi karibu chote, hutakuwa na la kufuata. Kutaga kwake utakuamini tu.

Vifaa, na jambo la nyigu

Kwa vifaa hawatofautiani sana. Lenzi ya kukuza mara kumi, tochi, shuka jeupe la kutandika chini ya tawi unapoligonga kwa fimbo mwezi Mei, vyombo viwili vitatu, daftari. Nondo wa baridi anahitaji kimoja zaidi: chombo chenye udongo wa kina cha sentimita kumi hivi, ili viwavi wako wajizike Juni. Udongo huo ukikauka pupa hufa, ukijaa maji huoza. Unyevu wa wastani kwa miezi mitano ndio mtihani wenyewe, na kwa hilo ni mgumu kumlea kuliko mchimba-jani.

Wote wanne wana maadui wanaotaga ndani yao, na ukilea utakutana nao. Badala ya nondo atatoka nyigu mwembamba au nzi. Watu hukata tamaa hapo, wakati wamepata kitu adimu kuliko walichokitafuta. Mfano ni nzi Cyzenis albicans wa nondo wa baridi: hutaga mayai madogo mno kwenye majani yaliyoliwa, kiwavi huyameza pamoja na chakula, na buu wa nzi hukua ndani yake na kumwua akiwa pupa udongoni. Nondo wa baridi alipofika Nova Scotia, Kanada, bila maadui wake na kuangamiza majani ya mialoni, nzi huyo aliletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1950 na idadi ya nondo ikashuka. Massachusetts, Marekani, walifanya vivyo hivyo kuanzia 2005. Mwandikie nyigu au nzi wako tarehe kama ungemwandikia nondo.

Historia hiyo ya Kanada ina agizo ndani yake: unachokilea ukirudishe kwenye mti ulikokitoa, si kwenye bustani ya mbali, na kamwe si nchi nyingine.

Uchague yupi, kwa hali ipi

Ukiwa na mtoto wa kufundisha, anza na mchimba-jani, bila kusita. Kuokota majani ya rangi na kuyainua kwenye mwanga hakuchoshi, mafanikio ni ya siku hiyo hiyo, na hakuna usiku wala ngazi. Ukiwa mtu wa mjini mwenye mialoni ya barabarani tu, huyo huyo anakufaa, mradi majani hayafagiliwi kabla hujafika.

Ukiwa na muda wa Mei na Juni pekee, mkunja-majani. Utamwona kiwavi, pupa na nondo ndani ya majuma machache, na uyakubali mayai kwamba yapo.

Ukitaka kumshawishi rafiki anayesema nondo ni wadudu wa kijivu wanaokula nguo, mpeleke akawaone wenye papasi ndefu wakicheza juani, uishie hapo.

Na ukiwa na mti mmoja unaoweza kuufikia kwa miguu majira yote, na uko tayari kutoka usiku wa baridi, chukua nondo wa baridi. Ningechagua hivyo hata kama wengine wote wangekuwa rahisi mara mbili. Mchimba-jani anakuonyesha siri moja kubwa. Huyu anakuonyesha jinsi msitu unavyofungamana, na hakuna mwezi anaokuacha bila kazi isipokuwa kiangazi akiwa amelala udongoni.

Usianze na nondo mwenyewe Aprili, japokuwa ndipo wengi hupata hamu. Mwezi huo wa matumba anza kwa kuichunguza mialoni yenyewe: chagua miwili iliyo karibu, mmoja unaotangulia kuchipua na mmoja unaochelewa, uifunge kamba za rangi tofauti. Juni tandika shuka chini ya kila mmoja uhesabu wanaoshuka kwa nyuzi. Novemba hesabu majike wanaopanda kila shina kwa muda ule ule wa jioni. Aprili inayofuata andika kwa kila mti siku matumba yalipopasuka na siku ulipoona tundu la kwanza kwenye jani, kisha linganisha na hesabu ya Juni itakayokuja.